Majike Watano Mara Kumi Mara Mbili

Chukulia una majike watano na dume mmoja. Kila jike atazaa watoto kumi, na atazaa mara mbili kwa mwaka. Watano mara kumi mara mbili: nguruwe mia moja. Wauze wakifikisha miezi saba, toa gharama, kinachobaki ni faida. Mkazi wa Arusha asiyewahi kukutana na mchanganuo wa namna hii ni wa kutafuta. Unatumwa kwenye makundi ya WhatsApp ya wanakwaya, unabandikwa kwenye maduka ya pembejeo kule Tengeru, unasomwa kwa sauti kwenye vikao vya VICOBA Usa River. Bei ndani yake hubadilika kila msimu, umbo haliguswi. Nataka kulisoma umbo hilo kwa umakini uleule tunaoupa utenzi au tamthilia, kwa sababu watu wanakopa kwa kuliamini, na wapo waliobaki na banda tupu na deni.

Sisomi kwa nia ya kuubeza ufugaji wenyewe. Nguruwe ana sababu ya kuwapo kwenye miteremko ya Mlima Meru. Kuanzia Akheri hadi Poli na Nkoaranga, kihamba hugawanywa kwa watoto, kisha kwa wajukuu, mpaka migomba na kahawa zinagusana na ukuta wa nyumba. Mlima huu una historia ndefu ya kubanwa ardhi: mwaka 1951 serikali ya kikoloni iliwahamisha Wameru takribani 3,000 kutoka Engare Nanyuki, Ngarenanyuki ya leo, ili kuwapisha wafugaji wa Kizungu, na mwaka uliofuata mwakilishi wao, Kirilo Japhet, alisafiri hadi Umoja wa Mataifa kuishtaki hatua hiyo. Mahali ambapo ng'ombe mwenyewe analetewa majani bandani, mnyama asiyehitaji malisho kabisa ana nafasi yake. Na soko lipo chini tu ya mlima: hoteli za watalii zinazotaka bekoni na soseji asubuhi, na vijiwe vya kitimoto ambako jioni nusu kilo inakaangwa na ndizi, kachumbari na pilipili pembeni. Tatizo langu ni maandishi, si mnyama.

Tuanze na wakati, kwa kuwa hapo ndipo mchanganuo unapofanya kazi yake kubwa bila kuonekana. "Mara mbili kwa mwaka" ni maneno manne, na ndani yake yamefungwa mambo mengi. Jike hubeba mimba siku 114. Wafugaji huikumbuka kama miezi mitatu, wiki tatu na siku tatu. Watoto hunyonya wiki nane katika mabanda mengi ya kwetu, yaani siku 56. Baada ya kuwaachisha, jike mwenye afya hurudi kwenye joto ndani ya wiki moja hivi. Jumlisha: 114, 56 na 7 ni siku 177. Mara mbili ni 354. Mwaka una siku 365, kwa hiyo mwandishi wa mchanganuo hakudanganya. Ila amebakiza siku 11.

Sasa soma hizo siku 11 ukijua kwamba joto la nguruwe huja kila baada ya siku 21 na hukaa siku mbili au tatu tu. Jike akiingia kwenye joto Ijumaa usiku, kijana wa banda akawa ameenda kwao Kikatiti hadi Jumatatu, zimepotea siku 21, na hesabu ya mara mbili imevunjika kwa mwaka mzima. Dume akiwa mgonjwa, imevunjika. Mimba isiposhika na asiwepo wa kulitambua hilo, imevunjika mara mbili. Wafugaji wa Denmark hupata zaidi ya watoto 30 walioachishwa kwa kila jike kwa mwaka, na mtu akiisikia takwimu hiyo huona kwamba kumi mara mbili ni ombi dogo. Lakini wao huwaachisha watoto wakiwa na takribani wiki nne, na joto la jike linafuatiliwa na mtu aliyeajiriwa kwa kazi hiyo, siku zote saba za juma. Tofauti iko kwenye nani yuko bandani asubuhi ya Jumapili. Sentensi ya mchanganuo haina pa kumweka mtu huyo. Mtenda wake ni jike peke yake: jike atazaa.

Kumi nayo ni namba ya kuangaliwa. Kama wastani wa wanaozaliwa, si ya uongo. Majike wenye damu ya Large White na Landrace huifikia na kuipita. Lakini mchanganuo unaichukua kumi ya usiku wa kuzaa na kuifanya kumi ya siku ya kuuza, bila hata mstari mmoja katikati. Fikiria usiku huo ulivyo Juni au Julai, ukungu wa Meru ukiwa umetua juu ya migomba. Kitoto kinachozaliwa kinahitaji joto la nyuzi 30 na zaidi. Mama yake, mwenye kilo zaidi ya 150, anapumua vizuri kwenye ubaridi wa nyuzi 18 au 20. Chumba kimoja kinatakiwa kiwe na hali mbili za hewa. Ndiyo maana banda lililojengwa kwa akili lina kona iliyokingwa kwa mbao, yenye nyasi kavu na taa, au jiko la makaa pale umeme unapokatika, na lina bomba la chuma lililopita sentimita chache kutoka ukutani ili jike anapojilaza vitoto vipate upenyo. Banda lisilo na kona hiyo, vitoto hufuata joto la mama, na mama huwalalia. Ifikapo siku ya tatu ni sindano ya madini ya chuma, maana maziwa ya nguruwe hayana ya kutosha na sakafu ya zege haina udongo wa kuchimbua. Kila kimoja kati ya hivi ni sentensi ambayo mchanganuo haukuiandika, na kila kimoja kinaamua kama kumi itabaki kumi au itakuwa sita.

Kwenye chakula umbo linabana zaidi. Kwa kawaida chakula hupewa mstari mmoja, baada ya ujenzi na kabla ya dawa, kana kwamba vitatu hivyo ni ndugu wanaolingana. Si kweli hata kidogo. Popote nguruwe anapofugwa kibiashara, chakula peke yake hula zaidi ya nusu ya gharama, na mara nyingi hukaribia asilimia 70. Hebu tuuandike mstari huo kwa urefu wake. Nguruwe anayetoka kilo 10 hadi 90 anaongeza kilo 80, na akilishwa vizuri hutumia kilo tatu na nusu za chakula kwa kila kilo anayoongeza. Hizo ni kilo 280. Kwa nguruwe mia ni tani 28, yaani magunia 400 ya kilo 70, kabla hatujawalisha wale majike watano na dume lao. Msomaji aliyeona "chakula" kama neno moja angeliona lundo la magunia 400 uani kwake, angesoma ukurasa ule kwa jicho lingine.

Na magunia hayo yana kwao. Pumba za mahindi hutoka mashineni mjini, Unga Limited na kwingineko, na huwa rahisi baada ya mavuno, kisha hupanda kuanzia Januari, hasa malori ya mahindi yanapopita Namanga kwenda Kenya. Mashudu ya alizeti hutoka Singida, Dodoma na Babati. Dagaa hutoka Ziwa Victoria. Juu yake kuna chokaa, mifupa iliyosagwa na chumvi. Nguruwe mmoja wa Poli anakula mikoa kadhaa, na kila mmoja una mvua zake na bei zake. Mfugaji anayebanwa hurudi kwenye pumba tupu, machicha na majani ya viazi, na nguruwe aliyetakiwa kuuzwa kwa miezi saba anamaliza kumi. Wengine huwapa mahindi yaliyoota ukungu kwa kuwa hayafai kwa ugali. Sumu ya ukungu humdumaza nguruwe, na kwa jike huharibu mimba. Hapo kosa la jikoni linarudi kwenye ule mstari wa "mara mbili kwa mwaka", lakini kwenye karatasi mistari hiyo miwili haijuani.

Huu ndio udhaifu wa umbo lenyewe, na mwandishi hata akiwa mwaminifu haukwepi. Mchanganuo unaenda kwa kuzidisha, na kuzidisha kunataka kila namba isimame peke yake. Bandani hakuna kinachosimama peke yake. Chakula kinagusa joto, joto linagusa tarehe ya kuzaa, tarehe ya kuzaa inagusa bei ya pumba ya mwezi ambao watoto wataanza kula. Mhakiki wa riwaya angesema kazi hii ina matukio lakini haina msuko.

Nafsi inayozungumziwa ni moja tu: wewe. Una majike, utauza, utapata. Dalali hayumo. Mchinjaji hayumo. Bwana mifugo, ambaye vijijini kila mtu humwita daktari, anajitokeza kama "chanjo na dawa". Mama na watoto, ambao mara nyingi ndio wanaokata majani na kuosha banda, hawamo kabisa, na kazi yao inahesabiwa bure. Jirani hayumo, na kwenye mitaa ya jiji iliyochanganyika kama Ngarenaro au Kaloleni, jirani Mwislamu anayepitiwa na harufu kila alfajiri ana neno la kusema na afisa afya wa kumwendea. Hata dume, aliyetajwa mstari wa kwanza, ni mhusika jina tu. Wenye majike wawili au watatu hawafugi dume. Wanampeleka jike kwa mwenye dume, wanalipa fedha au kitoto kimoja baadaye. Dume huyo huzunguka kijiji kizima. Akizunguka miaka mingi huanza kupanda mabinti zake, na watoto wanazidi kuwa wadogo na wachache. Halafu kwa njia hiyohiyo anayopita dume, hupita ugonjwa.

Hapa nataka kukaa. Karibu na mwisho wa mchanganuo huwa kuna mstari unaoitwa dharura, kwa kawaida asilimia 10. Unaonekana kama alama ya busara: mwandishi amekubali kwamba nguruwe hufa. Lakini asilimia 10 ni kifo cha aina fulani tu, kifo kinachochagua, kinachochukua kidogo na kuacha kingi. Homa ya nguruwe ya Afrika haiui hivyo. Ikiingia kwenye kundi la nguruwe wa kufugwa huweza kuwamaliza karibu wote, mara nyingi ndani ya siku chache tangu dalili ya kwanza. Kwenye karatasi iliyojengwa kwa kuzidisha, ugonjwa huu huzidisha kwa sifuri, na sifuri haipunguziwi makali na dharura ya asilimia 10.

Na ugonjwa huu ni wa kwetu. Ulielezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza mwaka 1921 na R. Eustace Montgomery, kutokana na alichokiona Kenya wakati nguruwe wa walowezi walipokuwa wakifa. Virusi vyake vimeishi kwa karne nyingi na ngiri na kupe laini wanaokaa kwenye mashimo ya ngiri. Ngiri mwenyewe haumwi. Sasa angalia ramani. Upande wa mashariki wa Meru kuna Hifadhi ya Taifa ya Arusha, iliyoanza mwaka 1960 ikiitwa Ngurdoto, na ngiri wake wanalisha mchana kweupe kwenye uwanda uliopakana na vijiji. Nguruwe pori wako msituni juu. Mchanganuo hauna mandhari, na karatasi ileile inatumwa Njombe, Moshi na Ngarenanyuki. Lakini banda la Ngarenanyuki lisilo na uzio haliko kwenye hatari sawa na banda la katikati ya mji, wala la mjini halijasalimika, kwa sababu kule virusi huja kwenye mabaki ya hotelini. Nyama mbichi au iliyogandishwa hubeba virusi kwa muda mrefu sana. Ndiyo njia wanayoitaja wataalamu kuhusu Georgia mwaka 2007: inadhaniwa mabaki ya nyama kutoka melini yaliwafikia nguruwe karibu na bandari. Kutoka hapo ugonjwa ulitambaa hadi China, ambako uligunduliwa Agosti 2018 na kuua nguruwe kwa mamilioni. China ilijibu kwa kujenga. Ezhou, katika jimbo la Hubei, lipo jengo la nguruwe lenye ghorofa 26, lililofungwa dhidi ya dunia ya nje.

Sisi hatutajenga ghorofa, na hatuhitaji. Kinachozuia ugonjwa kwenye kihamba ni vitu vya bei ndogo na nidhamu kubwa: uzio, beseni la dawa ya kukanyagia mlangoni, mabaki kuchemshwa au kuachwa kabisa, nguruwe mgeni kukaa peke yake mwezi mzima kabla ya kuchanganywa, na mchinjaji kusubiri barabarani badala ya kuingia bandani na buti alizotoka nazo banda la jirani. Hakuna hata kimoja kati ya hivi kinachoweza kuzidishwa, kwa hiyo hakuna hata kimoja kinachopata mstari. Watu wakiniuliza mchanganuo unakosea wapi, hapa ndipo ninapoonyesha. Vinavyoingia kwenye karatasi ni vile vyenye bei. Vinavyoamua ni vile vyenye tabia.

Kwenye mauzo nitapita haraka, ila kipimo lazima nikiseme. Karatasi inasema kilo kadhaa mara bei. Dalali anayefika Nkoaranga na pikipiki ananunua kwa macho, na macho yake yamezoea kuona kidogo. Mfugaji mwenye utepe wa fundi cherehani anaweza kujitetea: pima mzunguko wa kifua nyuma ya miguu ya mbele, uzidishe kwa wenyewe, zidisha kwa urefu kutoka katikati ya masikio hadi shina la mkia, vyote kwa mita, kisha zidisha kwa 69.3. Mita 1.05 ya kifua na mita 1.1 ya urefu hukupa kilo 84 hivi. Huko ni kuzidisha ninakokubali, kwa sababu kila namba imetoka kwenye mwili wa nguruwe aliyesimama mbele yako.

Baada ya hapo ni machinjio, maji ya moto, kukwangua manyoya, na kisu cha mkaguzi kinachopasua ulimi, taya na moyo kutafuta vifuko vya tegu. Hilo nalo lina historia karibu nasi. Mbulu, iliyokuwa ndani ya Mkoa wa Arusha hadi Manyara ilipotengwa mwaka 2002, imechunguzwa kwa miaka mingi na watafiti kama Helena Ngowi, na wengine walioko Hospitali ya Haydom, kwa sababu tegu la nguruwe wanaozurura huishia kwenye ubongo wa binadamu na kuleta kifafa. Nguruwe wa ndani, mwenye sakafu, karibu na nyumba yenye choo kinachotumika, hukata mzunguko huo. Katika mchanganuo sakafu ni gharama ya ujenzi tu.

Yapo maandishi mengine yanayohusu nguruwe haohao, na hayajapata msomaji nje ya banda: daftari. Huwa ni la shule, lenye jalada lililolowa pembeni, limetundikwa kwa kamba kwenye msumari. Mistari yake huenda hivi: Jike wa chumba 2, kapandwa 14/3, karudi 4/4, kapandwa tena. Kazaa 27/7. Wazima 11, mfu 1. Kalalia 2. Sindano ya chuma 9. Pumba gunia 3. Mtindo huu hauna "chukulia" wala "utapata". Vitenzi vyake vyote vimekwisha kutokea. Hauna ahadi, lakini una tarehe, na tarehe mbili zikikaa pamoja huanza kusimulia: kutoka 14/3 hadi 4/4 ni siku 21, ina maana mimba ya kwanza haikushika, na kuanzia 4/4 hadi 27/7 ni siku 114 kamili. Kumi na mmoja wamekuwa tisa kwa sababu iliyotajwa, na sababu hiyo ina dawa, bomba la chuma ukutani. Mfugaji akisoma kurasa kumi za daftari lake anajua jike yupi wa kubaki naye na yupi wa kumpeleka bucha. Mchanganuo hauwezi kumwambia hilo, kwa kuwa majike wake watano ni mmoja aliyenakiliwa mara tano.

Ningependa mikopo ya ufugaji itolewe kwa kusoma daftari. Kikundi cha VICOBA kikimwomba mwanachama alete kurasa za miezi sita za nguruwe wawili, kitajua zaidi kuliko kwa kusoma hesabu ya nguruwe mia wasiokuwepo. Na vyuo viko hapohapo: kampasi ya LITA, wakala wa mafunzo ya mifugo, pale Tengeru inafundisha vijana utunzaji wa kumbukumbu, na kijana mmoja kwa kata angetosha kuwasomea wafugaji madaftari yao mara moja kwa mwezi.

Daftari lina uwezo mwingine mmoja ambao mchanganuo hauna: linajua kukatika. Ugonjwa ukiingia, ukurasa wa mwisho huwa na mistari mifupi, hawali, masikio mekundu, wamelundikana kona, kisha idadi, kisha weupe. Daktari akiitwa hufika na amri ya karantini, na kuanzia hapo hakuna nguruwe wala nyama yake inayotoka au kuingia eneo hilo. Mwongozo wa FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, unataka banda lililosafishwa kwa dawa likae tupu siku 40 au zaidi, halafu waingie nguruwe wachache wa majaribio, wasiozidi sehemu ya kumi ya uwezo wa banda, waangaliwe kwa wiki sita. Wakiwa wazima ndipo mfugaji ajaze. Akibahatika kupata mitamba iliyo tayari kupandishwa siku ileile, ataongeza siku 114 za mimba na miezi saba ya kukuza. Siku 40, na 42, na 114, na 210 ni siku 406 kabla ya mzoga wa kwanza kufika buchani. Kwa siku hizo zote kuna mitamba ya kununua na kulisha, mshahara wa kijana kila mwezi, na marejesho ya mkopo kwa tarehe zilezile zilizopangwa wakati banda limejaa.